Mtani wa Masolwa

Ilambila ya siku hizi imepoa. Wageni bado wanakuja. Wanashuka treni Usinge, tunawapakia kwenye pikipiki hadi kijijini, wanapanda kilima, wanaonyeshwa mizinga ya nyuki na njia ya zamani ya misafara, wanakula, wanalala majumbani mwetu, wanaondoka wakisema pazuri. Pazuri, sikatai. Lakini aliyefika enzi za Masolwa, Bi Swaumu akiwa na sauti yake kamili, huyo ndiye aliyefika Ilambila. Hawa wa sasa naona wanapita tu.

Bi Swaumu ni Mzaramo wa Maneromango. Huku aliletwa na mumewe Adinani, mtu wa reli, akaanzia stesheni ya Igalula. Treni ikisimama pale, yeye alikuwa dirishani na wali wake wa nazi, na abiria waliojua kula hawakununua kitu njiani mpaka wafike kwake. Baadaye Adinani akahamishiwa Usinge, na alipostaafu wakapata kiwanja hapa kwetu, chini ya kilima. Adinani alipofariki, ndugu wa Bi Swaumu walisafiri kuja kumchukua arudi kwao. Aliwapikia, akawalaza, akawarudisha stesheni peke yao. Aliwaambia hawezi kuondoka akamwacha Masolwa apumue.

Masolwa alikuwa jirani yake, Mnyamwezi, mrina asali tangu ujana. Na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Babu zake Masolwa walibeba mizigo ya watu begani mpaka pwani, na kila safari walipita milangoni kwa babu zake Bi Swaumu, wakiomba maji, wakigombana, wakipatana. Utani ulizaliwa huko. Mtani wako atakutukana, atakunyang'anya kuku, atakuaibisha mbele ya wakwe, nawe ukinuna wewe ndiye mwenye kosa. Vijana wa sasa ukiwatania wanakwenda kushtaki kwa mtendaji wa kijiji. Nawaonea huruma.

Hawa wawili walitaniana kama watu waliolipwa. Masolwa akipita na mzinga kichwani, Bi Swaumu alimwuliza huo mzigo anampelekea Mwarabu gani, na asisahau kurudi na shanga. Masolwa naye alijibu kwamba Wazaramo wao hawakubeba kitu kwa sababu walikuwa na kazi moja, kucheza ngoma na kusubiri wenye akili wapite. Akinusa wali wa nazi alilalamika kwamba mwanamke anapikia mafuta ya nywele. Bi Swaumu alimjibu kwamba tumbo lililozoea matobolwa halijui chakula, viazi vya kuchemsha na kuanika juani, chakula cha safari kwa watu wasiofika. Kisha alimpakulia. Masolwa alikula akamaliza, akarudisha sahani akisema ilikuwa mbaya.

Msitu wote wa ubavu wa kilima, miyombo mitupu, ulikuwa wa Masolwa, aliurithi kwa baba yake. Wenzake walikwisha kuuza kuni za kukaushia tumbaku, mpaka ukisimama kileleni unaona mashamba yao yalivyo meupe. Yeye hakuuza hata tawi. Tulipoanzisha kikundi cha kutunza kilima na kupokea wageni, ni yeye aliyetuambia msitu wake tuutumie, mradi nyuki wasisumbuliwe. Bila msitu ule tungewaonyesha wageni nini? Mawe? Masolwa akawa mwongozaji, Bi Swaumu akawa mpishi, na mimi nikawa wa kupokea watu stesheni.

Siku ya wageni wa kwanza kabisa, wazungu wanne na binti wa Dar es Salaam aliyekuwa akiwatafsiria, chakula kilipowekwa Masolwa akaanza. Bi Swaumu akajibu. Akamwita mpagazi aliyetupwa njiani na msafara kwa uvivu. Masolwa akaapa leo atamrudisha kwao kwa miguu. Mzungu mmoja, mzee wa watu, akasimama katikati yao amenyoosha mikono, uso umemwiva, anaomba amani. Tulicheka hadi tukakaa chini. Yule binti alipomweleza, mzee naye alicheka, na kesho yake asubuhi kabla ya chai alimwambia Masolwa kwa Kiswahili cha kuokoteza kwamba ana miguu ya kuku. Masolwa alimpenda mtu yule mpaka mwisho wake.

Nakumbuka jioni zile, wageni wakiteremka kilimani wanafuata njia ya misafara, na sauti za wale wawili zikiwatangulia kufika nyumbani. Nikisema nazikosa nitakuwa nimepunguza.

Masolwa alikufa mwanzo wa masika, usingizini, kama mtu aliyejichagulia. Mwanawe mkubwa, Prosperi, alikuja kutoka Tabora mjini, anakaa mtaa wa Cheyo, ana duka la vipuri. Si mtu mbaya. Ila aliondoka hapa mdogo, na msitu kwake ulikuwa miti tu. Kabla hata jeneza halijamalizika tulikwisha kusikia kwamba amezungumza na mkulima mmoja mkubwa wa tumbaku, na kwamba baada ya arobaini misumeno itapanda kilimani. Wazee walimwendea. Aliwasikiliza kwa adabu, akasema mali ni ya familia. Wakaaga wakarudi, maana ni kweli.

Bi Swaumu hakumwendea. Msibani alifanya kazi ya mtani: alikula kabla ya wafiwa, akavaa kofia ya marehemu, akamwigiza anavyotembea, waliokuwa wakilia wakachekea machozini. Yeye mwenyewe hakutoa chozi. Mtani halii, akilia nani atawanyamazisha wengine?

Makaburini, katekista akiwa amefungua kitabu, tukageuka tukamkuta Bi Swaumu yumo ndani ya kaburi. Ameketi, amekunja miguu, kanga ameifunga kiunoni. Hakuna aliyeshtuka sana, kwa kuwa mtani ana haki hiyo. Atakaa humo mpaka wafiwa wamkomboe kwa anachotaka, na kinachotamkwa hapo, mbele ya maiti na kijiji kizima, hakirudishwi nyuma. Prosperi akatia mkono mfukoni, akatoa noti. Bi Swaumu akamwambia akanunulie vipuri.

Mke wa Prosperi akaleta kuku. Akamkataa. Akaletewa kanga mpya, akaitandika chini na kuikalia. Katekista akafunga kitabu, akakohoa, akakifungua tena. Ndipo Prosperi akauliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka, mama huyu anataka nini hasa.

"Msitu," Bi Swaumu akasema. "Sitaki uwe wangu. Nataka usimame."

Prosperi akatazama watu, akatazama jeneza. Akasema taratibu kwamba mambo ya mali hayazungumzwi makaburini.

"Sikiliza, Mnyamwezi. Baba yako nimemtukana kwenye msitu ule mpaka kila mti unamjua. Kwangu hakuna picha yake, hakuna mtoto wake, mimi si ndugu yake. Ukiukata, nitakwenda kumtukania wapi?"

Aliisema kwa sauti ile ile ya utani, lakini mwishoni ilimkatika. Akageuza uso akautazama udongo.

Mimi nilikuwa karibu na Prosperi, nikamwona taya linavyomcheza. Tangu aje hakuwa amemtania mtu, wala kuonyesha kwamba anajua kutania. Halafu akachuchumaa ukingoni mwa kaburi, akavua kofia.

"Toka humo, Mzaramo," akasema. "Baba amekuvumilia maisha yake yote. Ukimnukia nazi mpaka kaburini ataamka ahame. Msitu hautakatwa. Nimesema mbele yake. Sasa toka, apumzike."

Vicheko vililipuka makaburini kote, hata katekista alificha uso nyuma ya kitabu. Ilikuwa sauti ya Masolwa ile, maneno ya Masolwa, mdomoni mwa mtu tuliyedhani amesahau kwao. Vijana wakanyoosha mikono kumpandisha Bi Swaumu.

Hakuishika. Alikwisha kukombolewa, alichotaka amepewa, kilichobaki kilikuwa kutoka tu. Alibaki ameketi, akajifunika uso kwa kanga, mabega yakaanza kutikisika. Mtani wa Masolwa akalia, kwa sauti, kama mjane. Vicheko vikakoma kimoja kimoja. Prosperi akavua viatu, akashuka, akaketi kando yake, na hakuna aliyewahimiza.