Nilivyosahihisha Picha za Mtaiwani

Nilijitolea mlangoni katika tamasha la filamu na sanaa za Wataiwani waishio London. Ukutani zilitundikwa picha za mwanamke mmoja, na chini ya kila picha kadi: “Mchina”, “Mjapani”, “Mkorea”. Nilighadhibika. Mimi Mzanzibari, niliyeitwa Mnigeria chuoni miaka mitatu, ningenyamazaje? Nilifuta kila neno kwa wino mzito, nikaandika “Mtaiwani”.

“Saidi, umemuuliza mwenyewe?” akasema Maryam, mwenzangu wa mlangoni.

“Kuondoa dhuluma kama hii hakuhitaji ruhusa yake,” nikajibu, kifua mbele.

Mwanamke wa pichani akaingia, akazisoma kadi zote.

“Hayo ndiyo majina niliyobandikwa tangu nifike London,” akaniambia. “Niliyaandika mwenyewe, ndiyo sanaa yangu. Wewe nani kakutuma unibandike jingine?”