Nyuki Waliochagua Pikipiki ya Mjomba

Sanduku langu la nyuki lilikaa tupu miezi mitatu nyuma ya jikoni yetu, hapa Mususa, juu ya miguu minne ya mkaratusi. Nilikuwa nimelipaka ndani nta ya zamani ya babu yangu wa Masereka, nikalisugua kwa majani ya citronelle, yaani mchaichai, mpaka vidole vyangu vikanuka chai ya wagonjwa. Nyuki wapelelezi walikuja, wawili, watatu, wakaingia, wakatoka, kama watu wanaotafuta nyumba ya kupanga lakini hawajapenda choo.

Mama alikuwa ameliruhusu kwa sharti moja, na alilisema akiwa ameninyooshea mwiko.

"Siku nyuki italuma mutu hata mumoja wa hii parcelle, wa hapa kwetu, ile sanduku napikia nayo maharagi. Unasikia?"

"Nasikia, mama."

"Hapana kusikia na masikio ya shule."

Mama akiahidi kuchoma kitu, anachoma. Niliwahi kuwa na manati.

Basi Jumamosi moja, jua likiwa kichwani, kundi likaja. Lilipita juu ya mabati likivuma kama mashine ya kusaga unga, likazunguka sanduku langu mara mbili. Nilikuwa na ndoo mkononi na sikumbuki niliiweka wapi. Halafu likashuka uani, likajitundika chini ya kiti cha pikipiki ya mjomba wangu, ambaye alikuwa ndani anakula fufu.

Kosa lilikuwa langu, nikalijua papo hapo. Nta ya babu niliileta kutoka Masereka kwa pikipiki hiyo hiyo, nimeipachika chini ya kiti. Jua liliiyeyusha, nusu ikanywewa na sponji. Tangu hapo mjomba alikuwa anauliza kwa nini kiti chake kinanuka asali, na mimi nilimwambia labda amebeba mteja mtamu.

Mbaya zaidi, alikuwa na safari ya Beni, na mteja alishafika getini na begi lake: direkta wa nidhamu wa shule yetu, mtu wa Kasai, ambaye familia yake inakaa Beni. Jumanne ya wiki hiyo alinipigisha magoti uwanjani kwa sababu nilisema sikuja shule, bibi yangu amekufa. Alikuwa na daftari la visingizio vyetu. Ilikuwa mara ya tatu kwa bibi yule yule.

Mjomba akatoka anafuta mikono.

"Ile kitu chini ya kiti ya moto yangu ni nini?"

"Abiria, mujomba."

"Nawasha, batashuka."

"Ukiwasha banatuluma wote. Unipe dakika makumi mbili tu."

"Barabara ya Beni haingojake nyuki. Leta majani makavu, nibachome pale chini."

"Pale chini kuko essence, mujomba."

Akatazama tangi la petroli. Hilo hakuwa amelifikiria.

Direkta aliweka begi chini, mbali kidogo. "Jeune homme, hii kazi unaijua kweli, ao ni kama ile ya bibi yako?"

"Naijua, papa direkta."

Nilichokijua ni hiki: nilimwona babu akifanya mara moja, nami nilikuwa nimejificha nyuma ya ukuta. Alisema kundi lililohama linakuwa limeshiba, halina nyumba ya kulinda, halina hasira sana. Alisema pia usilipumulie usoni. Niliyarudia hayo kimoyomoyo, nikimwomba Bikira Maria kwamba kama lazima waume mtu, basi waume mbuzi wa jirani, ambaye sharti halimhusu.

Nilileta sanduku, nikaliegemeza kwenye tairi, mlango ukigusa kundi. Nikawasha maganda ya mkaratusi kwenye kopo, moshi kidogo. Nikachukua bawa la kuku, nikawasukuma polepole. Walikuwa wa moto na wazito, kama uji. Wachache wakaingia. Wengine wakanipanda mkono hadi kwenye kiwiko, na mimi nikawa ninahesabu pumzi.

Kisha wakaanza kuingia wengi. Pale mlangoni walisimama wakiinua matako na kupepea mabawa. Babu alisema hiyo ndiyo alama, malkia yuko ndani na wanawaita wengine. Furaha ikanizidi. Nikageuka nusu nikasema, "Papa direkta, unaona? Hawa banaingia kwa mustari kuliko sisi banafunzi."

Pumzi ya utani huo ilimfikia mmoja wao usoni. Akanichoma kwenye mdomo wa juu.

Sikupiga kelele. Machozi yalitoka yenyewe, lakini mkono uliendelea na bawa. Mjomba alikuwa anatazama kiti chake. Direkta alikuwa ananitazama mimi.

Ndipo mama akatoka jikoni, na mwiko ule ule.

"Kuko mutu amelumwa?"

Nikainamia sanduku kama mtu anayesikiliza redio. Mdomo ulikuwa unakua, nauona kwa jicho langu mwenyewe.

"Miye hata moja," mjomba akasema.

Mama akamgeukia direkta. Direkta alikohoa. Niliwaza magoti, uwanja, lile daftari lake.

"Mama," akasema taratibu, "mimi hawakuniluma."

Akachukua begi, akapanda nyuma ya mjomba kwenye kiti chenye nta, wakaondoka kuelekea Beni, nyuki kumi hivi wakiwasindikiza mpaka getini.

Jioni sanduku lilikuwa mahali pake, linavuma. Nilikuja mezani kitambaa kimefunga mdomo, nikasema nina mafua. Mama aliweka maharagi mbele yangu, akashusha kitambaa kwa kidole kimoja, akauangalia mdomo uliovimba. Nilitazama mlango wa nyuma. Shoka huwa linakaa pale.

"Kuni ya leo ilitosha," akasema. "Kula, kama unaweza."

Sikuweza. Maharagi yalikuwa yananimwagikia kidevuni, nikayala hivyo hivyo.