Usizibe Chupa Kabla Haijakauka

Kuna Jumamosi moja ya ujana wangu isiyonitoka kichwani, mwanangu, na leo nitakusimulia, maana naona una haraka ile ile niliyokuwa nayo mimi. Keti. Chai ipo. Habari yenyewe si ndefu, mrefu wa maneno ni mimi, na nyanya yako akitusikia kutoka jikoni atasema naongeza chumvi.

Ilikuwa Nakuru, miaka ya hamsini. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, suruali moja ya kupigwa pasi, na maringo ya suruali tatu. Nilikuwa nimeandikwa kazi katika maabara iliyopima maua ya pareto. Magunia yalishuka kwa gari la moshi kutoka Molo, sisi tukayasaga maua na kuyaloweka katika mafuta mepesi, meupe kama maji, ndugu ya petroli, ili ile sumu ya kuua wadudu itoke kwenye ua iingie kwenye mafuta. Kazi yangu ilikuwa kuosha chupa. Usicheke. Mwosha chupa akikosea, hata daktari wa kemia hukosea pamoja naye.

Mkubwa wetu alikuwa Mzungu mwembamba tuliyemwita Bwana Matone, kwa sababu alihesabu kila kitu kwa matone, hata maziwa ya chai yake. Kupima pareto ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya, lakini moyo wake ulikuwa kwingine. Alitaka kujua molekuli, yaani vile vipande vidogo mno ambavyo kila kitu kimeundwa kwavyo, vina umbo gani, na kwa nini hubadili tabia vikiyeyushwa katika kimiminika hiki badala ya kile. Siku moja alituita akatuonyesha. Alitia chembe za iodini katika yale mafuta meupe, zikatoa zambarau safi kama joho la askofu. Akatia chembe zile zile katika spiriti, zikatoa rangi ya kahawia, ile unayopakwa kwenye kidonda.

"Iodini ni ile ile," akasema kwa Kiswahili chake cha mashambani. "Lakini nakaa na jirani ingine, naonyesha rangi ingine."

Nilisahau kufunga mdomo. Mpaka leo sijaona jambo lililonifurahisha vile, ukiacha siku ya harusi yangu.

Mafuta yale yalisafishwa na Mzee Kirui, mtu wa upande wa Keringet. Yaliyokwisha kutumika aliyachemsha juu ya maji ya moto, bila moto wa wazi, mvuke ukapita katika bomba baridi na kudondoka upya ukiwa safi. Alikuwa amesimama kando ya mtambo ule miaka mingi, hata akajua kwa sauti ya kudondoka tu kama kazi inakwenda vizuri. Mimi alinichukua kama mwanawe. Mchana alinigawia maziwa lala, yaliyogandishwa katika kibuyu, yale yenye vumbi jeusi la mkaa ndani yake, nami niliyetoka kwa watu wa ugali na mboga nikajifunza kuyapenda.

Sasa tuje kwenye chupa. Utaratibu ulikuwa kuosha kwa sabuni, kusuuza kwa maji, kisha kusuuza kwa spiriti ili maji yaondoke upesi. Baada ya hapo chupa hutundikwa kichwa chini kwenye ubao wa vigingi mpaka ikauke na isinuke kitu. Ndipo unaitia kizibo chake cha kioo. Jumamosi ile chupa ishirini na nne zilikuwa bado zinachuruzika vigingini, na gari la moshi la Njoro lilikuwa karibu kuondoka. Huko Njoro alikuwako msichana aitwaye Rasoa, binti wa nyapara wa shamba moja, naye alikuwa ameniambia nifike siku hiyo nionane na baba yake. Huyo ndiye nyanya yako. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini mimi siku hiyo niliziba kupita kiasi. Nilizitia zote vizibo zikiwa mbichi, nikazipanga kabatini, nikakimbia stesheni.

Jumatatu asubuhi Bwana Matone alichukua chupa tatu kabatini, akamimina mafuta ya Mzee Kirui, akatia iodini. Badala ya zambarau tukaona kitu cha kahawia kahawia. Akasema mafuta ni machafu. Mzee Kirui akachemsha mengine kwa uangalifu wa mtu anayembeba mtoto mchanga, akayaleta Jumanne. Chupa zikatoka kabati lile lile, na rangi ikawa ile ile.

Mwaka ule macho ya mzee yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na Bwana alikwisha kuliona hilo. Akamwambia mbele yetu sote, bila ukali, "Mzee, macho yako nakwisha. Ijumaa wewe narudi nyumbani, napumzika."

"Ndiyo, Bwana," mzee akajibu, akapangusa mikono kwa kitambaa chake. Mjini alikaa katika nyumba ya kazi pamoja na wajukuu wawili waliokuwa shuleni. Kazi ikienda, nyumba ingekwenda, na shule nayo.

Nami nilijua, mwanangu. Tangu Jumatatu nilikuwa nimefungua kizibo cha chupa moja, harufu ya spiriti ikanipanda puani. Nilijua, nikanyamaza. Jumamosi baba yake Rasoa alikuwa ameniambia, "Kijana, mimi nakusikiliza kwa sababu uko na kazi." Nikaona kwamba nikikiri nitafukuzwa, na nikifukuzwa Rasoa ataolewa na mtu mwingine. Basi kila nilipopita karibu na ule mtambo niliangalia sakafu. Niliona aibu, na aibu ile sikuweza kuisuuza kwa kitu chochote.

Jumatano mchana Mzee Kirui aliniita kama kawaida, akanimiminia maziwa.

"Hii kibuyu," akasema, "mama ya watoto anaiosha, anaisugua na mkaa, halafu anaigeuza mdomo chini mpaka ikauke kabisa. Lakini wakati alikuwa bibi arusi mpya, siku moja alikuwa na haraka ya kwenda kuona mama yake. Akaifunga bado mbichi. Maziwa ikaharibika. Unajua mimi nilifanya nini?"

"Ulimgombeza?"

"Wapi! Nililaumu ng'ombe. Ng'ombe mzuri sana, nikampatia jirani, nikachukua ndama yake." Akaanza kucheka. "Mama alikuja kuniambia ukweli baada ya miaka kumi. Miaka kumi, kijana, nikipita kwa huyo jirani naona ng'ombe yangu anamjazia ndoo!"

Alicheka mpaka akafuta machozi.

"Mzee, kumbe ulijua?"

"Macho ndiyo imezeeka. Pua bado."

"Mbona hukumwambia Bwana?"

"Chupa ni yako. Nikisema mimi, utafukuzwa kama mwizi. Ukisema wewe, labda utafukuzwa pia, lakini utatoka hapa kama mwanaume. Mimi nangoja tu. Ijumaa bado."

Nilimpenda mzee yule saa ile kama baba mzazi. Mtu anafukuzwa kwa kosa langu, naye anahangaika nisije nikaaibika! Nikaweka kikombe chini, nikaenda ofisini kwa Bwana Matone kabla miguu haijabadili nia. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, lakini mimi ilibidi nijivue mwenyewe. Nilimwambia yote, gari la moshi, vizibo, harufu, na siku tatu za kunyamaza.

Uso wake uligeuka mwekundu. Alisema neno la Kiingereza ambalo sikulijua, nami namshukuru Mungu kwa hilo. Kisha akatulia, akaniangalia kwa namna nyingine.

"Matone ngapi?"

"Matone gani, Bwana?"

"Spiriti. Ndani ya chupa. Ngapi nabaki?"

Hiyo ndiyo siku niliyomwelewa mtu yule. Alitafuta chupa iliyokauka, akamimina mafuta ya mzee, akatia iodini. Zambarau safi! Akanipa bomba dogo la kioo nitie spiriti tone baada ya tone, yeye akiandika rangi inavyobadilika kila nilipoongeza. Tulikaa hivyo alasiri nzima, yeye amesahau hasira, mimi nimesahau hofu. Mwishowe akafungua daftari la vipimo, na pembeni ya vile vilivyoharibika akaniamuru niandike kosa langu na jina langu. Nikaandika. Hakunifukuza. Aliniambia tu nikomeshe safari za Jumamosi mpaka chupa ya mwisho ikauke.

Kwa Mzee Kirui hakuomba msamaha, si kwa maneno. Wazungu wa siku zile hawakuwa na mdomo huo kwetu. Lakini Ijumaa asubuhi, siku ambayo mzee alikuwa aondoke, tulikuta kando ya mtambo kiti cha mbao chenye mto, kilichotolewa ofisini kwa Bwana mwenyewe. Mzee alikishika mgongo, akakitazama, akaketi. Aliketi pale mpaka siku aliyotaka mwenyewe kurudi Keringet.

Gari la Njoro lilinipita Jumamosi hiyo, nikaenda ya pili yake. Nilimsimulia nyapara habari yote nikijua huenda ndiyo mwisho wangu kwake. "Mtu ananiambia ubaya wake kabla sijamuuliza," akasema, "huyo hata binti yangu hatamficha." Harusini Mzee Kirui alituletea kibuyu. Ndicho kile kinachoning'inia jikoni mdomo chini, na ole wako ukikigeuza.

Basi, mwanangu, najua ulifikiri nitakuambia uchague majirani zako kama iodini. Hayo ni kweli, na wengine watakuambia. Langu mimi ni hili. Ukimaliza kazi, ipe muda ikauke kabla hujaiziba, hata kama anayekungoja ni Rasoa. Na ukikosea, maana utakosea, fungua kizibo wewe mwenyewe mapema, kabla hajalaumiwa ng'ombe wa watu. Mficha uchi hazai. Siku tatu zangu za kunyamaza zilikuwa nzito kuliko miaka yote ya kuosha chupa, na kulisema kosa lenyewe kulichukua muda wa kumaliza kikombe cha maziwa.

Mungu akupe kazi utakayoipenda, akupe na wazee wenye pua nzuri kando yako. Akupe ulimi mwepesi siku ya kosa. Na macho yako yatakapoingia ukungu kama haya yangu, asikose mtu wa kukuwekea kiti.