Maji ya Kitangari Chini ya Hadubini

Sisi tuliosoma sekondari Newala soko huria lilipokuwa linaingia, tulikuwa na maabara ya taa moja ya spiriti na hadubini ya kioo kilichopasuka. Ruhusa yetu ilikuwa kuifuta vumbi tu. Chura tulimchora ubaoni, moyo tuliuchora ubaoni.

Tukiwa kidato cha tatu, chuo kikuu kikaalika wanafunzi wa mikoani waende Dar es Salaam kufanya majaribio kwa mikono yao. Shuleni kwetu tulichaguliwa mimi na Asumini, binti wa Kitangari, mcheshi, mwenye kuuliza mpaka walimu wachoke. Tuliambiwa tubebe maji ya kwetu. Asumini alijaza chupa kule bondeni alikoteka kila alfajiri kabla ya shule. Matope ya Rufiji yalitulaza njiani, na chupa akalala nayo kifuani.

Makoti meupe ya chuo yalitufika miguuni, tukachekana. Kisha Asumini akadondosha tone la maji yake chini ya hadubini, akainama kutazama.

"Mama, hivi vinavyotembea ndivyo tunavyokunywa?" akamuuliza mhadhiri.

"Ndivyo, mwanangu. Ukichemsha maji, vinakufa."

Nilijua anamfikiria mdogo wake, aliyekufa kwa kuharisha masika yaliyopita. Safari nzima ya kurudi hakuzungumzia kingine ila udaktari.

Tulipofika tukakuta maabara yetu imejaa magunia ya korosho hadi darini. Mkuu wa shule alikuwa ameikodisha kwa mnunuzi binafsi.

"Wakati umebadilika," alituambia. "Shule inajitegemea."

"Na majaribio tutafanyia wapi, mwalimu?" Asumini aliuliza.

"Mtasoma nadharia."

Mtihani wa vitendo ulipokuja, tuliletewa bureti, mirija ya kupimia dawa, ambazo hatukuwahi kuzishika. Asumini alifungua koki kupita kiasi, dawa ikamwagika mezani. Kemia akafeli. Mimi pia nilifeli, ila mimi sikuwa na kiu kama yake.

Siku hizi mjukuu wangu ana picha za vidudu vile kwenye simu. Anazipitisha kwa kidole kama anayefukuza nzi, halafu ananiambia sayansi inachosha.

Juzi nilimkuta Asumini nje ya hospitali ya Mkomaindo, anauza mihogo ya kukaanga. Wauguzi vijana walikuwa wakinunua, wakimwita bibi. Nikamuuliza kama anaikumbuka ile siku ya chuo kikuu.

Aligeuza mihogo kwanza.

"Naikumbuka, Mama Zuhura. Bora wasingetupeleka."