Nafasi Yangu Mutoni Nilimwachia Mungu, Yaya Wangu Akaipokea

Admin, ufiche jina langu. Hapa Kisangani watu watanitambua kwa mudomo wangu, lakini ufiche tu. Niko muzee wa miaka makumi nane na sita. Nilisoma kidogo, na meno imebaki kidogo kuliko masomo. Jambo hili ni la zamani za Wabelgiji, miye kijana nimetoka kuoa, na mpaka leo iko inaniuma.

Sisi ni watu wa maporomoko. Kila jamaa iko na nafasi yake mutoni, pale tunasimamisha miti kati ya mawe na kutundika vikapu vikubwa vya kukamata samaki. Yangu niliachiwa na baba. Na sheria yetu ni hii: maji ikipanda mpaka ikashuka bila weye kutundika kitu, umeiachilia. Ndugu anaweza kuchukua.

Mwaka ule mutoto wetu wa kwanza alikufa. Hapo sifanyi muchezo. Nikaingia mafundisho ya ubatizo, nikitafuta mahali pa kuweka kichwa. Katekista alikuwa Alphonse, mutoto wa kaka mukubwa wa baba, donc kwangu ni yaya, kaka mukubwa. Akaniambia: «Leki, mudogo wangu, unamushika Mungu na mukono moja, na mukono mwingine unashika vikapu. Achia vyote. Uje ulale kwenye misioni, usali.»

«Na nafasi yangu?»

«Niko hapa, nitakuchungia.»

Nikatoa vikapu. Nikalima shamba ya mapadri, nikasali na njaa, magoti ikatoka ngozi. Nikamwambia Mungu, chukua yote. Nilisema kweli, na moyo ukalala.

Siku ya ubatizo nilitoka kanisani na shemishi nyeupe, shati ya ubatizo, nikashuka mutoni. Maji ilikuwa imeshuka. Juu ya miti ya baba yangu, vikapu vya Alphonse! Yeye mwenyewe anavuta samaki mukubwa kama mutoto wa shule.

«Yaya, ile nafasi ni ya nani?»

«Si ulimwachia Mungu?»

«Na Mungu akakupa weye?»

«Mungu anajua watu wake, leki.»

Wazee wakasema sheria ni sheria. Muke wangu akaniangalia na ile shemishi: «Padri alikumwangia maji kichwani tu. Alphonse ndiye alikuzamisha.»

Sikuacha kanisa. Kwanza nilibaki kwa hasira: kila siku ya Mungu, jumapili, ninakaa nyuma ya Alphonse, ninamwimbia ndani ya sikio. Nikapata kazi ya kukata majani kule Simi-Simi, kwenye kiwanja cha avion, ndege. Na panga mukononi nilikuwa ninasali: «Bwana, kama ni weye ulichukua, bon. Kama ni Alphonse, umutelezeshe kwenye jiwe.» Hakuteleza. Miaka ikaenda, watoto wengine wakakuja, wakakula, wakasoma. Siku moja nikasali mpaka amina bila kumutaja Alphonse. Nikashangaa mwenyewe.

Nilifikiri imekwisha. Sasa Alphonse iko mugonjwa, haamuki tena. Juzi akaniita. Nikajua ataomba musamaha, nikavaa hata viatu. Akasema: «Leki, wajukuu wako na wangu wanapigania ile nafasi, wako wanasema niliiba. Siku ya Mungu usimame kanisani, useme ulinipa.»

«Sikukupa. Nilimpa Mungu.»

«Ni sawasawa.»

Sawasawa! Muke wangu alicheka mpaka akalia, halafu akalia kweli.

Wapendwa, nikisema nilimpa, nitadanganya mbele ya msalaba na jamaa yangu itapoteza nafasi ya baba kabisa. Nikisema aliniibia, vijana watavunja miti na vichwa. Tena nitakuwa ninadai kitu nilimpa Mungu na mukono wangu. Wanasema Alphonse hatamaliza mwezi.

Nishaurini, nifanye nini? Lakini musiniandikie «Papa, umwachie Mungu.» Ile nilishafanya, na Alphonse akakula samaki.