Plau ya Murekatete

Murekatete alikuwa amechoshwa na habari za trekta. Kila aliyepita Nyamitaba akitokea mjini alimweleza kwamba mkulima wa kisasa hulima kwa trekta, kana kwamba trekta ingepanda kilima chake bila kubingirika hadi mtoni. Tangu alipoanguka na pikipiki, bega lake la kulia lilikuwa limekataa jembe. Mvua zilikwisha kuanza, mbegu za maharagwe zilikuwa bado guniani, na shamba lilikuwa pori tupu. Msimu huu ukipita, watakula nini?

Kwanza walijaribu motokulteri ya chama cha wakulima, ile mashine ndogo ya kusukuma kwa mikono. Mumewe Habineza, mfugaji asiyeshika jembe, aliishika kwa mbwembwe zote. Kwenye tambarare iliunguruma vizuri. Kwenye mteremko ikamburuta mzee wa watu mpaka kwenye migomba ya jirani.

"Tufunge ngombe," Murekatete akasema. "Plau ya bapadri ba paroisi iko pale, inakula kutu tu."

"Ngombe yangu?" Habineza akang'aka. "Mama Esdras, ngombe iko ya maziwa na heshima. Haiko punda! Batu batatucheka."

"Bacheke. Mie ninataka maharagi."

Habineza alinuna weee, mpaka mvua ilipozidi ndipo akawafunga mafahali wake wawili. Akashika plau, akawaita kwa ule mwito mrefu aliorithi kwa baba yake. Tatizo ni kwamba kwenye vilima hivi mchungaji hutangulia akiita, nao ng'ombe humfuata. Mafahali waliposikia sauti nyuma yao, waligeuka wote wawili, wakavuruga kamba, wakaja kumlamba mikono. Akawapanga upya, akaita, wakageuka tena. Majirani walishika mbavu. Murekatete alitamani kulia kwa hasira.

"Wewe utangulie," akamwambia mumewe, "mie nishike plau."

Plau iliruka mara moja tu, bega likamfanya apige magoti kwenye matope.

"Basi unifundishe ule mwito."

"Ule iko ya banaume. Nitamuachia mutoto wetu Esdras."

"Esdras iko Goma, anauza mayunite ya simu! Hata mavi ya ngombe ameshaisahau."

Murekatete hakuomba tena. Alikwenda kusimama mbele ya mafahali, akafungua mdomo. Mara ya kwanza sauti ilikwama. Mara ya pili ikatoka ndefu, ikipanda na kushuka kama inavyotakiwa. Mafahali wakainua masikio, wakaanza kumfuata, na Habineza akalazimika kurukia plau isije ikaanguka.

Udongo mweusi ukafunguka kukata kilima. Majirani wakaacha kucheka. Lakini Murekatete hakufurahi hata kidogo. Alikuwa akifikiria misimu yote aliyokilima kilima hiki kwa mgongo wake, na mafahali hawa wakitafuna majani pembeni, wamenenepa, hawana kazi. Machozi yalimtoka huku akiita.

Walipofika mwisho wa shamba, Habineza alikuwa akihema.

"Nani alikufundisha?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Wewe," Murekatete akajibu bila kumtazama. "Kila asubui ukiita ngombe, tangu uniowe. Nilikuwa nyuma ya mulango, nakungoja na kibuyu ya maziwa."

Akawazungusha mafahali, akaita tena.