Kutu Iliyogeuka Chuma Bila Gesi

Hii aibu bado haijaniisha, na nikimwona Mwakio mjini Voi natamani kuvuka barabara. Mwakio ndiye tuliyekuwa tukifanya naye utafiti maabarani, kutazama kwa hadubini ya elektroni vile kutu inavyorudi kuwa chuma ikipitishiwa haidrojeni ya moto, maana gesi hiyo huinyang'anya oksijeni yake.

Siku ya aibu hiyo tulikuwa na wageni kutoka Mghange, watu walioturuhusu kuokota mawe yenye kutu ya chuma mashambani mwao, na mama yangu alikuwa kiti cha mbele, amevaa nguo ya kanisa. Picha kwenye skrini ilikuwa hafifu, nami nikaona haya, nikaongeza nguvu ya miale ya elektroni inayotupa picha, kidogo tu, halafu nikaongeza tena. Baada ya muda chembe ya kutu ikaanza kutoboka na kubadilika, basi nikasimama nikaeleza kwa maringo (ungedhani chuma nimekiumba mimi) vile haidrojeni inavyofanya kazi, wakapiga makofi, mama akafuta macho.

Mwakio akaninong'oneza, "Dada Wakesho, gesi bado sijafungua. Nilikuwa nangoja uniambie."

Ningekiri hapo, yangeisha. Lakini nikajibu, tena kwa sauti, "Itakuwa ni ile iliyobaki kwa bomba."

Mama akasikia. Akauliza polepole, "Mwanangu, kwani gesi haikuwepo?"

Nikageukia skrini kama ninayerekebisha kitu. Ikabidi Mwakio amjibu: "Haikuwepo, mama. Ni ile miale tunayotazamia. Ikizidi, yenyewe inaitoa kutu oksijeni yake."

Wageni wakatazama chini kwa heshima, na hiyo heshima ilinichoma kuliko kicheko.

Kumbe hiyo ilikuwa nafuu. Tuliporudia picha za nyuma tukakuta nyingi nilizipiga kwa miale mikali vilevile (nilipenda zing'ae), na hatukuweza tena kutenganisha kazi ya gesi na kazi ya miale. Tasnifu ya Mwakio ilisimama juu ya picha hizo. Alisema tu, "Tuanze upya, dada." Mahafali yalipofika, wenzake wakavaa majoho, yeye akaja na simu kuwapiga picha.

Siku hizi naanza na miale dhaifu, gesi ikiwa imefungwa, nione kwanza miale peke yake inafanya nini, na nimejiapiza sitamtangazia mtu nilichokiona kabla sijajiuliza ni kipi nimekifanya mimi mwenyewe.